Sahani Moja kwa Mama Shela

"Usile," Fundi alimwambia.

Walikuwa bado nje ya geti la mama yake, Jumamosi saa sita na nusu mchana, na alikuwa amemshika mkono kama mtu anayemzuia mtoto asivuke barabara.

"Nitakula," Mbichi alijibu.

"Miaka minne! Miaka minne hujaweka kitu cha moto mdomoni, leo uje uvunje kwa sahani moja ya mama yangu?"

"Sahani moja si mlima."

"Leo sahani, kesho sufuria. Mimi simjui mama?"

Mbichi akacheka. Alimtazama huyu mwanaume mrefu mwenye mafuta ya mashine kwenye kucha hata siku za mapumziko, akaona macho yalivyomlegea kwa wasiwasi, akampenda upya papo hapo. Hivyo ndivyo ilivyokuwa kwake, kila wiki alikuwa anampenda upya, mpaka mwenyewe anajionea aibu.

"Mbichi" halikuwa jina la kupewa na wazazi, alilipata kazini. Alikuwa fundi wa meno ya bandia katika karakana ndogo ya ghorofa ya nne, ambako kutwa nzima watu walikuwa wakiyeyusha nta, wakimimina plasta na kuchemsha meno. Ndiyo, kuchemsha. Zile fizi za plastiki haziwi ngumu mpaka zikae kwenye maji ya moto kwa saa kadhaa, kwa hiyo pale kazini sufuria zilikuwa nyingi kuliko jikoni kwa mtu. Sasa siku moja gesi ikamwishia nyumbani. Akaona uvivu kwenda kununua nyingine, akala tango, parachichi na karanga alizoloweka usiku. Kesho yake hivyo hivyo. Wiki ikakatika, akajikuta hana tena hamu ya kusimama mbele ya mvuke baada ya kushinda ndani yake kutwa. Mwili aliuona mwepesi, na ulimi ukaanza kumwonjesha vitu alivyokuwa akivipita tu: utamu wa kabichi karibu na kishina, harufu ya dengu zilizochipua, nazi changa ikikwanguliwa asubuhi. Jiko akamgawia jirani. "Kitu pekee ninachopika mimi ni meno," aliwaambia wenzake, nao wakacheka mpaka wakakaa chini, wakamwita Mbichi. Likaganda.

Na Fundi je? Huyo alikuwa fundi wa lifti. Miezi minane iliyopita lifti ya jengo lile ilikwama kati ya ghorofa ya tatu na ya nne, ndani yake akiwemo Mbichi, boksi lenye seti kumi na moja za meno, na karoti mbili. Baada ya dakika arobaini mlango ulipanuliwa kwa chuma, na kichwa cha mwanaume kikachungulia kutoka juu, kimelowa jasho. Akamkuta binti ameketi juu ya sakafu, anatafuna.

"Dada, uko salama?" kichwa kiliuliza.

"Mimi niko salama. Wewe je? Mbona unatoka jasho hivyo, aliyekwama ni nani?" Akamrushia karoti ya pili.

Basi, yakaanzia hapo. Na yangekwenda kama maji mtelemkoni, laiti asingekuwepo mama.

Mama yake Fundi watu wote walimwita Mama Shela, kwa sababu hakuna bibi harusi wa mtaa ule ambaye gauni na shela yake havikupita chini ya cherehani yake. Mjane, mkali, msafi, mkono wake hauna kifani. Mbichi alipokwenda kutambulishwa mara ya kwanza alibeba bakuli lake la matunda na karoti, akiamini kabisa kwamba anafanya adabu, asimsumbue mtu kwa kumwandalia vya peke yake. Mama Shela alimtazama akitafuna, uso ukamjaa mawingu. Mara ya pili Mbichi akajitutumua, akamkaribisha kwake, akapanga meza iliyomchukua siku mbili: saladi za rangi zote, mbegu zilizochipua, lozi, vipande vya nazi. Mama Shela hakugusa hata kimoja. "Mimi si sungura," alisema, akachukua mkoba wake akaondoka.

Kisha likaja sharti, kwa simu, kupitia kwa mwanawe: "Mwambie aje Jumamosi. Ale sahani yangu moja, iishe. Isipoisha, mimi kwenye ndoa hiyo simo, na harusini msinitafute."

Fundi alitaka waoane hivyo hivyo. "Mama atazoea," alisema. Mbichi akakataa katakata. Alikuwa amekua akimwona mama yake mzazi anaishi na mama mkwe asiyemtaka, miaka kumi na tisa ndani ya nyumba moja, chumvi mtu anaomba kupitia kwa watoto. Aliapa tangu usichana wake: nyumba ambayo mama hamtaki, yeye hataolewa humo, hata huyo bwana awe wa dhahabu. Na huyu, ole wake, alikuwa wa dhahabu.

Kwa hiyo leo alikuja kula. Uchaguzi ulikuwa mmoja tu, ameze kile chakula au ampoteze mwanaume.

"Twende," alisema, akajinasua mkono.

* * *

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Pita."

Mama Shela hakuinua macho. Alikuwa akimalizia pindo la gauni jeupe lililojaa meza nzima ya kukatia na kumwagika mpaka kwenye shuka safi aliyoitandika sakafuni. Karatasi za ramani za nguo zilining'inia ukutani kwa vibanio, na kila mahali palikuwa na vipande vya hariri, vidonge vya chaki, na sanduku la uzi lililopangwa kwa rangi. Alifika mwisho wa mshono, akatafuta mkasi kwa mkono, akakata uzi.

"Siku hizi mama umekuwa mstaarabu," Fundi alimtania ili kulainisha hewa. "Zamani uzi ulikuwa unakata kwa meno, kachu! Nilikuwa naogopa kukaribia."

"Zamani nilikuwa mjinga," mama alijibu kwa mkato. "Kanaweni mikono."

Meza ya chakula ilikuwa chumba cha pili. Sahani tatu zilishapakuliwa, hakuna cha kujipimia. Ya Mbichi ilikuwa imejaa kwa makusudi, viazi vya kuchemsha, maharage, na mapande ya nyama yaliyoelea kwenye mchuzi mzito. Mvuke ulimpanda puani. Kwa mtu mwingine ingekuwa harufu ya kumlegeza magoti, lakini yeye alikumbuka karakana tu, zile sufuria na meno yakitokota.

Wakaketi. Fundi akaanza kusema jambo, na simu yake ikalia.

"Haloo? ... Wangapi? ... Ghorofa ya ngapi? ... Jamani, mwambie asibonyeze kitu tena, aache! Nakuja." Akasimama, amechanganyikiwa, macho yakienda kwa mama, kwa Mbichi, kwenye sahani. "Watu sita wamekwama, na mmoja ni mjamzito. Lazima niende."

"Nenda, mwanangu," mama alisema. "Sisi tunakula. Si ndiyo, binti?"

"Nenda," Mbichi naye alimwambia. Macho yao yalikutana na yakakataa kuachana, mpaka mama akakohoa. Fundi akatoka mbio. Geti likagonga, pikipiki ikanguruma, ikapotea.

"Haya," alisema Mama Shela. "Karibu."

"Ahsante, mama."

Mbichi akachukua uma, akachoma kiazi. Alikiinua. Hakukiogopa, maana kiazi hakijamuua mtu, ila alikionea uchungu kile alichokuwa anakiacha. Miaka minne ile ilikuwa yake mwenyewe. Hakuna aliyemwambia aianze, hakuna aliyemsifu, na wengi walimcheka. Alijiona akirudi nyumbani jioni na mwili wa mtu mwingine. Basi ni hivyo, alijiambia. Mapenzi nayo yana nauli yake.

Aliinua macho kumtazama mama mkwe wake mtarajiwa, ili amwone anavyokula. Na hapo ndipo uma ulipobaki hewani.

Mama Shela alikuwa akikata nyama. Aliikata ndogo, kisha ile ndogo akaikata tena, mpaka ikawa kama chakula cha mtoto anayeota meno. Akaweka mdomoni. Akaisukuma upande wa kulia. Taya likashuka, likapanda, na pale lilipopanda kukasikika kitu, ta! Sauti ndogo, ambayo mtu mwingine asingeisikia. Mbichi aliisikia kama vile mama anavyosikia kilio cha mwanawe sokoni. Shavu la kushoto likaruka kwa maumivu. Kisha mama akameza, nzima nzima, akashushia na maji.

Mbichi akasahau kiazi. Jicho la kazi likatangulia adabu, akainamisha kichwa kidogo kutazama vizuri. Mama Shela akapangusa mdomo, midomo ikafunguka, na Mbichi akaliona jino.

Lazima niwaeleze. Kila fundi ana ujanja wake. Wengi hupanga meno ya bandia yakanyooka kama askari wa gwaride, na ndiyo maana ukiyaona tu unajua ni ya dukani. Mbichi hakupenda. Jino la pili kutoka katikati, upande wa kulia, yeye huligeuza kidogo tu, kama mtu aliyepinda bega apite mlangoni, na mdomo mzima unaonekana wa kuzaliwa nao. Pale karakana hakuna mwingine anayefanya hivyo. Na jino lile lilikuwa linamtazama sasa kutoka mdomoni mwa Mama Shela, limepinda bega lake vile vile.

Kazi ya karakana ni ya kipofu. Unaletewa kinywa cha plasta na fomu yenye namba, mwenye kinywa humjui wala hakujui. Lakini fomu ile Mbichi aliikumbuka, maana daktari alikuwa ameandika kwa mkono chini kabisa: mgonjwa hushika pini za nguo kwa meno ya mbele, yawe imara. Alikumbuka na wiki yenyewe. Mungu wangu! Aliikumbuka sana ile wiki.

Akauteremsha uma.

"Umeshindwa?" Mama Shela aliuliza. Kwenye sauti yake kulikuwa na ushindi, ila ushindi wenyewe ulikuwa umechoka.

"Mama, naomba nikuulize kitu. Usinikasirikie."

"Kula kwanza."

"Upande wa kushoto umeanza kukuuma lini?"

Mama Shela akaweka kisu chini polepole, na mkono wake ukapanda wenyewe kufunika mdomo.

"Nani kakwambia?"

"Hakuna mtu, mama. Hata Fundi hajui, najua hajui. Ni macho yangu tu."

"Macho yako!" Akasimama, kiti kikakwaruza sakafu. "Unakuja nyumbani kwangu kuchungulia kinywa changu? Nimekuita ule, hukuitwa kunichunguza! Toka. Chukua mkoba wako, na majani yako, utoke, na mwanangu nitamwambia mwenyewe kwamba umeshindwa sahani."

Mbichi naye alisimama. Angeweza kuondoka, au angeweza kukaa na kumeza kile kiazi na kunyamaza, akaolewa, na mama huyu akaendelea kumeza nyama nzima nzima mpaka siku yake ya mwisho. Akavuta pumzi.

"Nitatoka, mama. Lakini kabla sijatoka ujue jambo moja. Hayo meno nimeyatengeneza mimi."

"Nini?"

"Mimi. Kwa mikono hii. Na yana kosa, na kosa ni langu."

Mama Shela akaketi. Mbichi akaeleza yote kwa mkupuo, kabla ujasiri haujamwisha: fomu, pini, jino la pembeni. Akaeleza kwamba kabla seti haijatoka lazima fundi aipandishe kwenye kifaa cha kufungia taya, aone juu na chini vinakutana sawa, na aangalie mara mbili. Ile seti aliiangalia mara moja tu, na gego moja la kushoto likabaki limezidi kimo kwa unene wa ukucha.

"Miezi saba," Mama Shela alisema. Sauti ilikuwa inapanda taratibu. "Miezi saba nakunywa uji! Daktari ananiambia mama utazoea, nikaona aibu kurudi, nikazoea. Nyama naisikia harufu tu. Miezi saba, binti! Kwa nini? Ulikuwa mgonjwa? Ulikuwa umefiwa?"

"Hapana, mama."

"Sasa ulikuwa na nini?"

Mbichi akatazama chini. Masikio yalikuwa yanawaka moto.

"Nilikuwa sina akili. Ilikuwa mwezi mmoja baada ya kukwama kwenye lifti. Nilikuwa namwaza mtu. Nachonga jino, namwaza. Nayeyusha nta, namwaza. Siku ile niliunguza vidole mara tatu. Nilikuwa nimepotea kabisa, mama, hata ungeniuliza leo siku gani nisingejua."

"Unamwaza nani?"

"Mwanao."

Mama Shela mabega yakaanza kumtikisika, na Mbichi akadhani ni kilio, akapiga hatua ya kumshika. Kumbe ni kicheko. Kilianza tumboni, kikapanda kifuani, kikatoka, na kilipotoka meno ya juu yakachomoka yakataka kuruka, mama akayadaka kwa kiganja kama mtu anayedaka mpira. Hapo ndipo na Mbichi aliposhindwa. Walicheka mpaka machozi, mmoja hana meno, mwingine hana nguvu.

"Yaani mimi," Mama Shela alisema kwa fizi tupu, akijipangusa macho, "nimelala njaa kwa sababu ya mapenzi ya watu!"

"Nisamehe, mama."

"Ngoja kwanza, nikwambie na mimi." Kicheko kikamwisha, uso ukabaki umelowa. "Niling'olewa yote yeye akiwa kazini mji wa mbali, ile miezi mitatu baada tu ya lifti yenu kukwama. Sikutaka ajue. Baba yake alikuwa akisema amenioa kwa ajili ya meno yangu, na mtoto naye alikuwa anajivunia. Akarudi, akaniangalia, akasema mama umenawiri. Nikanyamaza. Halafu akakuleta wewe. Ukakaa pale, ukatoa karoti. Kwachu! Kila ulipotafuna ilikuwa kama unanisimanga. Nikasema, huyu akiingia nyumba hii kila siku vitu vigumu, nitaumbuka mwezi wa kwanza tu. Sikukuchukia wewe, mama. Nilichukia ile sauti."

Alimwita mama. Mbichi alilisikia neno hilo likimwingia mpaka moyoni. Akapiga magoti mbele ya kiti, akanyoosha kiganja.

"Nipe niyaone."

Kabla ya leo hakuna mtu nyumbani aliyewahi kuyaona nje ya kinywa, hata kioo cha bafuni alikuwa akikipa mgongo. Mama Shela alisita. Kisha akamwekea mkononi, ya juu na ya chini.

Kazi ikaanza. Tupa ndogo na msasa laini Mbichi alikuwa navyo kwenye mkoba, hatembei bila hivyo. Alichokosa ni ile karatasi ya rangi wanayong'ata wagonjwa ili ionyeshe jino gani limezidi.

"Rangi tu?" Mama Shela aliuliza. "Si kuna kaboni yangu ya kuhamishia ramani kwenye kitambaa?"

"Itakuchafua mdomo."

"Nimelamba chaki na nyuzi miaka arobaini. Lete."

Basi meno yakarudishwa kinywani, kipande cha kaboni ya bluu kikawekwa katikati, na Mama Shela akang'ata. Alipoyatoa, gego lile la kushoto lilikuwa na doa kubwa la bluu, mengine yote meupe. Mbichi akasugua taratibu, akapuliza, akasuuza, akarudisha. Ang'ate. Doa dogo. Akasugua tena. Mama alikuwa akimtazama vile vidole, vyembamba, vyenye makovu ya nta, visivyo na haraka, na fundi humjua fundi mwenzake.

"Una mkono mzuri," alisema kwa shida. "Ukiwa na akili zako."

"Hii ni ya muda, mama. Jumatatu twende pamoja kwa daktari, nikufanyie vizuri kabisa."

Mara ya tano madoa yakawa madogo madogo, kulia na kushoto, sawasawa. Mbichi akatoa kwenye mkoba karoti, maana hakuna kipimo kama karoti, akaikata kipande, akampa. Mama Shela akaishika kama mtu aliyepewa kaa la moto. Akafumba macho. Akaweka upande wa kushoto.

Kwachu!

Akafumbua macho. Akatafuna, akangoja maumivu, hayakuja. Akatafuna tena. Alitafuna karoti ile mpaka mwisho, machozi yanamtelemka, kisha akageuka akaitazama meza, na macho yake yakatua kwenye mapande ya nyama.

* * *

Fundi alirudi saa tisa kasoro, ameloa jasho, watu sita wote wazima. Njia nzima moyo ulikuwa juu. Alifungua mlango, akaingia chumba cha chakula, na kitu cha kwanza kukiona kilikuwa sahani ya Mbichi pale mezani. Tupu. Hata mchuzi ulikuwa umepanguswa.

Akasimama pale mlangoni, mikono imemlegea. Alitakiwa afurahi. Badala yake alijiona mwenye deni.

"Umekula," alisema. "Kwa ajili yangu umekula yote."

Mbichi alitaka kujibu, lakini kutoka chumba cha kushonea mama aliwahi.

"Nilisema sahani iishe. Nilisema nani aimalize?"

"Mama?"

"Sahani mbili nimekula, yangu na yake, na bado nina nafasi. Yeye amekula karoti zake. Una swali?"

Fundi alimtazama Mbichi. Mbichi akaminya midomo asicheke. Fundi alitazama upande wa pili, akamwona mama yake anatokea na futi ya kupimia shingoni, uso umechangamka kama wa mtu wa miaka thelathini, na doa la bluu pembeni ya mdomo.

"Mama, mdomo wako una nini? Kumetokea nini humu ndani?"

"Kamuulize mkeo."

Neno likaanguka katikati ya chumba, likabaki pale. Fundi akamtazama mama, akamtazama Mbichi, akarudi kwa mama, na ufahamu ukamwingia taratibu kama joto mikononi mwa mtu anayeota moto.

"Umesema nani?"

"Usinipotezee muda, shika kalamu hiyo. Binti, simama, nyoosha mikono. Pumua kawaida, usinivutie tumbo, gauni haliongopewi." Futi ikazunguka. "Andika. Kifua, themanini na nne. Kiuno, sitini na saba. Umeandika?"

Hakuwa ameandika. Kalamu ilikuwa mkononi, lakini alikuwa anamtazama Mbichi, na Mbichi, mikono imenyooshwa hewani, alikuwa anamtazama yeye, na wote wawili walikuwa wanalia na kucheka kwa pamoja.

"Nyie! Mtatazamana baadaye," Mama Shela alifoka, akimgeuza Mbichi begani apime mgongo. Kisha akasogea karibu na sikio lake, akashusha sauti. "Na wewe sikiliza. Sitini na saba nimeipenda. Ole wako uguse kitu cha kupikwa kabla ya siku ya harusi. Mimi sifumui."